Shibe Kutoka Ng'ambo ya Daraja

Jumanne moja, saa sita na nusu mchana, Mukamazimpaka aliwatengea watoto wake bugali na maharage nyuma ya magunia ya unga wa muhogo aliokuwa akiuza katika soko la Kamembe. Watoto walikuwa wametoka shule kwa mapumziko, kama kawaida yao. Nzigire, wa miaka kumi na miwili, alinawa mikono. Kamali, wa miaka minane, alinawa pia. Wakaketi juu ya madebe mawili yaliyopinduliwa, wakaitazama sahani, na hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mukule, saa inaenda," mama yao akasema.

"Tumeshiba," Nzigire akajibu.

"Mumekula wapi?"

"Hatukukula, Maman. Papa ndiye amekula."

Kamali akapiga mbweu. Mbweu ilinuka samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu. Mukamazimpaka hakuwa amenunua samaki tangu sikukuu. Aliifunika sahani kwa sahani nyingine, akampimia mteja makopo matatu ya unga, akarudisha chenji, ndipo akaketi kulifikiria lile jambo.

Baba wa watoto hao aliitwa Buhendwa, na mchana ule alikuwa Bukavu, Congo, ng'ambo ya daraja la mpakani. Walikuwa wameachana mwaka uliopita mbele ya hakimu. Hukumu ilisema Buhendwa atoe matunzo ya watoto kila mwezi, pamoja na nusu ya gharama za shule. Buhendwa alisimama akasema, "Ndiyo, muheshimiwa," kwa sauti nzuri, maana sauti nzuri hakupungukiwa nayo hata siku moja. Kisha akavuka daraja la Rusizi akarudi kwao alikozaliwa, na matunzo hayakuonekana mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tisa. Wanasema ahadi ni deni. Buhendwa alikuwa wa kabila la wale wanaosikia methali hiyo wakaitikia kwa kichwa.

Mukamazimpaka alikwenda kwa muhesha, kama wanavyomwita huku mtu ambaye kazi yake ni kukamata mali ya mdaiwa ili hukumu itimie. Muhesha huyo, Mzee Twagirayezu, alikuwa mtu wa adabu, mwenye mkoba wa ngozi na miguu inayovimba. Alitafuta mali ya Buhendwa upande huu, akakuta nyumba imeandikwa jina la kaka na pikipiki imeandikwa jina la mke mpya. Hata hivyo, Jumatatu, siku moja kabla ya samaki yule wa ndimu, aliipeleka hukumu ikapigwa muhuri wa kutekelezwa kwa nguvu. Alimwonya Mukamazimpaka kwamba nguvu hiyo inafika katikati ya daraja tu, halafu inasimama.

Kama kuna kosa Mukamazimpaka alilofanya, lilikuwa la malezi. Alipoolewa, mama mkwe alimfundisha sheria ya nyumba yao: mtoto hatii chakula kinywani kabla baba hajameza tonge la kwanza. Baba akichelewa, watoto watangoja, mchuzi ugande na bugali ukauke juu. Mama akiwafundisha vizuri, sifa ni ya ukoo wa baba. Mtoto akidokoa, aibu ni ya mama. Kwa hiyo aliwafundisha vizuri. Nzigire alikuwa hajajua kutembea, tayari anajua kungoja. Kisha hakimu akaivunja ndoa, lakini sheria ya tonge la kwanza hakuna aliyemuuliza, naye hakuivunja. Miezi yote tisa watoto waliketi mbele ya chakula, wakautazama mlango kidogo, ndipo wakala. Mukamazimpaka aliliona. Alishindwa kuwaambia waache, kwa sababu angelazimika kuwaambia na kwa nini, na jioni huwa amechoka.

Basi hukumu ikapata muhuri Jumatatu, na Jumanne watoto wakashiba.

Jambo lenyewe halikuwa na utata. Chochote alichokula Buhendwa kule Bukavu, utamu aliuonja yeye, watoto nao wakauonja kwenye mbweu, na shibe ikavuka daraja bila karatasi, ikagawanyika sawasawa katika matumbo mawili ya Kamembe. Yeye alibaki na njaa yake. Hakukonda, watu wa namna yake hawakondi. Lakini alikula asubuhi, akala saa nne, akala mchana, akaramba sufuria, na kila mara aliinuka mezani kama alivyoketi.

"Hata kwetu iko muntu hivi," alisema Mirindi, mama aliyeuza vitunguu kibanda cha pili. "Mama mukubwa wangu, ye ilikuwaga usingizi. Bwana alikuwa analala kule Uvira, ye hapa anaamuka amepumuzika."

"Na ikaisha?"

"Bwana alikufa." Mirindi akamenya ganda la kitunguu. "Ye hapa akalala sana, ile wiki."

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri, na si haki kuzinyima sifa zake. Mukamazimpaka alipika kidogo, akala mwenyewe. Gunia la maharage lilikaa. Kamali alijaa mashavu. Jioni moja Mukamazimpaka alijikuta anaimba huku anachekecha unga, akanyamaza kwa aibu, kana kwamba amekutwa na kitu cha watu. Alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya mtu aliyetua mzigo njiani akijua bado hajafika, lakini ilikuwa furaha.

Lakini shibe haivaliwi miguuni, wala hailipi karo. Shule ilikuwa inadai muhula mzima, na Nzigire alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani wa kumaliza. Mukamazimpaka akarudi kwa muhesha. Alitaka kuuliza tu kama kuna lolote jipya, na kwa kuwa hapendi kuficha, akamweleza habari ya shibe.

Mzee Twagirayezu hakucheka. Alisema jambo kama hilo linahitaji kuthibitishwa. Alhamisi mchana akaja sokoni na mkoba wake, akaketi juu ya gunia la unga, akavua kiatu kimoja, akatoa daftari. Watoto wakaketi mbele yake. Saa sita na dakika arobaini Kamali alishika tumbo, akalegeza mkanda. Nzigire akapiga mbweu, akaziba mdomo kwa heshima. Muhesha akapiga simu Bukavu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Papa Nzigire, ni Twagirayezu. Niambie, sasa hivi umekula nini?"

"Bugali," sauti nzuri ikasema. "Na nyama ya mbuzi. Na ndizi mbili. Juu ya nini?"

"Nzigire, umesikia nini?" muhesha akamgeukia mtoto.

"Mbuzi," alisema Nzigire. "Na ndizi."

"Ndizi ngapi?"

Nzigire alifikiri. "Moja. Ile ingine iko kwa Kamali."

Muhesha aliandika mistari minne, akapuliza wino. Kisha akamweleza Mukamazimpaka, taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa majibu yake, kwamba hawezi tena kukamata mali ya Buhendwa hata kama angeipata. Matunzo ni chakula kwanza. Chakula kinafika. Mdaiwa anatekeleza.

"Lakini ye hata hajui kama anatekeleza, Mzee," Mukamazimpaka akasema. "Na hawa, chakula kwangu haikukosekanaka. Masomo ndiyo imenishinda."

"Maman Nzigire, sheria haisemi chakula ipitie wapi."

"Na nusu ya masomo?"

"Tuanze na chakula." Akavaa kiatu chake. "Mambo ya masomo tutaona."

Kosa la pili lilikuwa la muhesha, maana ndiye aliyemwambia Buhendwa. Ilibidi, alisema baadaye. Mdaiwa ana haki ya kujua kwamba analipa. Buhendwa alipojua, hakushangaa hata yeye. Alijisikia vizuri. Aliwaambia watu waliokaa kwenye duka la sementi, duka lililoandikwa jina la mke wake Nsimire, kwamba wako wanaume wanaotupa watoto, lakini yeye anawalisha wake kila siku ya Mungu, na serikali ya ng'ambo imeandika. Kisha akaagiza kasiksi, ile pombe ya ndizi, kusherehekea. Na kwa kuwa pombe nayo haikumkolea, bali ilipita kama kila kitu kilivyopita, aliagiza nyingine.

Ilikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Katika darasa la tatu Kamali aliweka kichwa juu ya dawati akalala mdomo wazi. Katika darasa la sita Nzigire alisimama katikati ya somo la hesabu, akaomba msamaha kwa wenzake wote, mmoja mmoja kwa majina, kisha akalia.

Jumatatu ikawa hivyo tena. Jumatano vilevile. Alhamisi mwalimu Muhigirwa akamwita Mukamazimpaka. Alikuwa mwalimu mwema aliyechakaa, mwenye chaki hadi kwenye kope.

"Maman, minajua si weye," alisema. "Najua inatoka wapi. Batu bote banajua. Lakini mukubwa wa masomo amesema, Nzigire akinuka kasiksi tena mara moja, anarudi nyumbani, na mutihani hataufanya. Iko na akili ule mutoto. Ongea na baba yake."

"Munaweza mukamwita ye?"

"Iko Congo, Maman. Sisi tunaita bazazi ba hapa tu."

Mukamazimpaka alitoka akasimama kwenye lango la shule. Alisikia uchungu ambao hakuwa ameusikia siku ya hukumu. Siku ya hukumu alikuwa ameachwa yeye. Sasa mtoto wake, aliyekuwa akiamka kusoma kabla ya kuku, alikuwa anaelekea kufukuzwa kwa kileo cha mtu mwingine, na hakuna daftari wala ofisi iliyokuwa na mahali pa kuliandika hilo. Alilia kidogo. Kisha akampigia muhesha, wakakutana kesho yake mpakani.

Kutoka Kamembe hadi daraja la Rusizi ni mteremko, na mteremko wa kwenda ndio mlima wa kurudi. Wakachukua jeto, kile kikaratasi cha kuvuka na kurudi siku hiyohiyo. Muhesha alitembea hadi katikati ya daraja, akasimama palepale nguvu yake inapoishia, akafikiri, kisha akavuka kama raia wa kawaida, mkoba kwapani. Wapagazi walikuwa wakivusha magunia ya vitunguu na matreyi ya mayai. Hakuna aliyewatazama.

Buhendwa aliwapokea vizuri. Aliwapa viti mbele ya duka. Alikuwa anakula karanga.

"Papa Nzigire," Mukamazimpaka akasema, "sikukuja juu ya franga. Acha kunywa asubui. Tu ile. Batoto banalewa ku masomo. Nzigire batamufukuza."

"Mi nikunywe saa gani? Niko na kiu."

"Kunywa kisha batoto kutoka masomo."

"Maman Nzigire." Akatupa maganda. "Weye hauko unaona mateso yangu. Minakula, sishibe. Mwaka mzima ungeniuliza, Buhendwa unalisha batoto bako? Ningesikia haya. Leo ninalisha, na ungali unalalamika. Mi niko na njaa, Maman. Njaa inanipeleka ku pombe. Kama ningepata chakula ya muzuri mchana, pengine ningevumilia."

Nsimire alitoka ndani na ungo mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, na uso wake ulikuwa na uchovu uleule ambao Mukamazimpaka aliuona kila asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe.

"Mi nimekataa," alisema Nsimire, bila hasira. "Sufuria tatu kwa siku, hazionekane zinaenda wapi. Siwezi pikia batoto ya muntu mwingine. Wala si chuki, Maman. Nimechoka tu."

"Nakuelewa," Mukamazimpaka akasema, na kweli alimwelewa.

Buhendwa akalitazama tambara la kanga ambalo Mukamazimpaka alifungia ndizi zake za njiani, na macho yake yakawa ya mtu anayekumbuka.

"Sombe yako," alisema, "ile na sambaza. Tangu niliondoka sijakula sombe kama ile."

Muhesha alifungua mkoba. Alikuwa na kalamu mbili, kwa bahati. Makubaliano yalijaza ukurasa mmoja: kwamba siku zote za shule mama wa watoto ataleta chakula cha mchana upande wa Bukavu, kwa gharama zake, kwamba baba atakila chote, na kukila kwake kutahesabiwa kuwa matunzo, kwamba baba hatagusa kileo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Muhesha alisoma kwa sauti. Mukamazimpaka aliuliza kama wanaweza kuongeza habari ya karo. Muhesha alisema kuongeza jambo jipya kunaweza kuyavunja yaliyokwisha kupatikana. Aliyasema hayo akiwa ameshika goti lake lililovimba, na hakumtazama usoni. Mukamazimpaka akamfikiria Nzigire amesimama katikati ya somo la hesabu, akaweka sahihi.

Tangu hapo siku zikapata utaratibu. Aliamka saa kumi alfajiri, akatwanga majani ya muhogo ya sombe, akachemsha, akatia mawese na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Aliuza unga mpaka saa tano. Kisha alimwachia Mirindi kibanda, akaifunga sufuria kwa kitambaa, akateremka hadi mpakani kwa miguu, kwa kuwa nauli ya pikipiki aliiweka akiba ya karo. Afisa wa mpaka aliinua kifuniko siku ya kwanza.

"Hii ni ya kuuza?"

"Hapana. Chakula ya batoto."

"Batoto biko Bukavu?"

"Biko Kamembe. Banasoma."

Afisa alitazama upande wa Kamembe, akatazama upande wa Bukavu alikokuwa akielekea yule mama, akatazama foleni iliyokuwa nyuma yake. Akarudisha kifuniko na kumruhusu apite. Chakula cha watoto hakitozwi ushuru.

Buhendwa alikula mbele ya duka, kwenye kiti, sufuria juu ya mapaja. Mukamazimpaka alisimama akamtazama, kwa maana makubaliano yalisema chote, na mara mbili alimkuta amemgawia mbwa. Alihesabu matonge bila kutaka. Hili la Nzigire, hili la Kamali. Wakati mwingine Buhendwa aliacha kutafuna ili azungumze, akieleza bei ya sementi, au akimuuliza kama watoto wanakua, na yeye akamjibu kwa ufupi, huku akiwaza kwamba huko shuleni, ambako siku hizi walibaki mchana, watoto wameketi miongoni mwa wenzao wenye vibakuli, mikono juu ya magoti, wanangoja.

"Leo chumvi imezidi," Buhendwa angesema.

"Nitapunguza."

Alirudisha sufuria tupu kichwani, akapanda mlima. Yeye mwenyewe alikula alipofika, kama kulibaki kitu. Mkono mtupu haulambwi, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakufika mpaka wa Rusizi. Pale mkono mtupu ulikuwa unalambwa kila siku saa saba mchana, na mwenye mkono alikuwa anataka nyama.

Nzigire hakunuka tena kasiksi darasani. Mwalimu Muhigirwa alisema hesabu zake zimerudi. Karo ilibaki vilevile, na mkuu wa shule alikubali ilipwe kidogokidogo kutoka kwenye unga, ila alisema bila risiti ya mwisho mtoto hatapewa matokeo ya mtihani. Buhendwa, kwa upande wake, alikuwa mtu wa kutimiza saa. Saa kumi na mbili kamili alifungua chupa. Ndiyo sababu watoto walitoka shule mbio, wakaandika kazi zao za nyumbani haraka, wakapiga mswaki, na kukiwa bado na mwanga nje walikuwa wamekwisha kulala kitandani, mmoja upande wa ukuta, mwingine upande wa ndoo, wakingoja nyumba ianze kuzunguka.

Muhesha alikuja mwisho wa mwezi na karatasi ya kupokea. Ilisema mama wa watoto amepokea matunzo ya mwezi mzima kutoka kwa baba yao, na kwamba hana dai. Mukamazimpaka aliisoma mara mbili. Mzee Twagirayezu alisema asipotia sahihi, makubaliano yanafutika, na Buhendwa atakuwa huru kunywa asubuhi. Akatia sahihi juu ya gunia, na unga ukabaki kwenye karatasi.

Jioni hiyo, kama saa kumi na moja, Nzigire alikuwa amemaliza hesabu zake na anamfungulia Kamali vifungo vya shati. Mama yao alikuwa mlangoni, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji. Hakuwa amewaambia anakokwenda mchana. Aliona wana mizigo ya kutosha, na tena mtoto akiambiwa jambo kama hilo atataka kujua mwisho wake.

"Maman," Nzigire akasema, "leo Papa amekula sombe tena."

"Eh."

"Na sambaza. Na leo chumvi iko muzuri."

"Mimi ya kwangu imefika mpaka hapa," Kamali akasema, akionyesha shingo.

Nzigire akamvua shati, akalikunja. Alikuwa anatafuta namna ya kusema jambo bila kuumiza, na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, alilizungusha kwanza.

"Maman, usikasirike. Sombe ya weye si mubaya. Lakini ile ya kwa Papa iko tamu kupita. Muntu mwenye kuipika anaipikaka na roho. Mi nawaza Papa anachaguaka, juu tupate bizuri. Ye anatupendaka, Maman. Si vile?"

Mukamazimpaka alitazama miguu yake majini. Ilikuwa imevimba, kama ya muhesha. Alitafuta neno, akapata mengi, na kila moja lilikuwa la kweli, na kila moja lingemkuta mtoto usiku akiwa amelewa.

"Ni vile," alisema. "Sasa mulale, saa inafika."

Watoto wakalala. Yeye akajipangusa miguu, akaiosha sufuria, akaiinamisha ukutani ijikaushe. Kisha akaleta ungo akaanza kuchambua maharage, kwa sababu mchana, alipokuwa anarudisha kifuniko juu ya sufuria tupu, Buhendwa alisema amechoka na sombe.